Ligamenti ya goti inayooteshwa maabara: Mgonjwa aisubiri?

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa baba mmoja wa Morogoro. Kijana wake wa miaka 17, yuko kidato cha tano, aliumia goti kwenye mechi ya shule. Hakugongwa na mtu. Alisimama ghafla ili ageuke kumfuata mpinzani, akasikia kitu kimelia ndani ya goti, akaanguka. Hadi jioni goti lilikuwa limevimba kama chungu. Nyumbani alikandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta, na wiki ya tatu ndipo alipopelekwa hospitali. Kipimo cha MRI kikaonyesha ligamenti ya mbele ya katikati ya goti, ile ambayo wapenzi wa soka wanaifahamu kwa kifupi cha ACL, imekatika kabisa.

Daktari bingwa wa mifupa aliwaeleza kuwa kijana atafanyiwa upasuaji, na kwamba ligamenti mbadala itatengenezwa kwa tendoni za nyuma ya paja lake mwenyewe. Hapo baba akashtuka. Haikumwingia akilini kwamba pakatwe pazima ili pazibwe palipoharibika. Tena alikuwa ameona video kwenye simu inayosema wanasayansi wa Marekani wanaotesha ligamenti maabara. Akataka kujua kama amwekee mwanawe nafasi ya kusubiri hiyo.

Nilimjibu asisubiri. Maelezo ya jibu hilo ni marefu kidogo, na kwa kuwa maswali ya namna hii huja kila msimu wa michezo ya shule, nimeona niyaandike hapa wazazi wengine nao wayasome.

Tuanze na goti lenyewe. ACL ni kamba fupi ya nyuzinyuzi ngumu, urefu wake kama sentimita tatu, unene wake unakaribia wa kidole kidogo cha mkono. Imekaa katikati kabisa ya goti, juu imeshika mfupa wa paja, chini imeshika mfupa wa ugoko. Inauzuia ugoko usichomoke kwenda mbele na inalituliza goti mtu anapogeuka ghafla. Pamoja na udogo huo, ACL ya kijana mwenye afya huhimili mvuto unaolingana na uzito wa zaidi ya kilo 200 kabla haijakatika.

Wengi wanaoumia si kwa kugongwa. Huumia wakati wa kusimama ghafla, kubadili mwelekeo au kutua vibaya baada ya kuruka, na wasichana wanaocheza mpira wa miguu au wa kikapu huumia zaidi kuliko wavulana wa umri wao. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 2020 na msimu wote uliobaki akautazama akiwa nje. Neymar aliumia Oktoba 2023 akiichezea Brazil, akarudi kucheza baada ya mwaka mzima. Hao ni watu wenye madaktari na wataalamu wa mazoezi tiba wanaowafuata kila siku, kwa hiyo mzazi asishangae akiambiwa mwanawe atakaa nje muda mrefu.

Kwa nini haiungi yenyewe?

Swali hili huulizwa sana na lina haki ya kuulizwa. Mfupa ukivunjika huunga. Ngozi ikichanika hufunga. Hata ligamenti ya pembeni ya goti, upande wa ndani, ikichanika mara nyingi hupona kwa kufungwa kifaa cha kulishikilia goti na kufanya mazoezi. Iweje hii ya katikati ishindwe?

Jibu liko kwenye damu. Sehemu ya mwili inapochanika, damu huganda pale pale kwenye jeraha, na lile donge la damu huwa kama daraja la muda. Seli hupita juu yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, zikijenga nyuzi mpya mpaka pengo linafungwa. ACL imezungukwa na ute unaolainisha goti, na ute huo huliyeyusha donge la damu kabla halijafanya kazi. Daraja halijengwi, na zile ncha mbili hubaki zinaning'inia kama kamba ya kisima iliyokatika. Zamani madaktari walijaribu kuzishona kwa uzi tu, na magoti mengi yalilegea tena, wakaiacha njia hiyo.

Ndipo ikashika njia inayotumika hadi leo duniani kote, hapa kwetu ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Daktari huchukua tendoni za nyuma ya paja, au kipande cha katikati cha tendoni iliyo chini ya pia ya goti, au ya juu yake, kisha kwa kutumia kamera na matundu madogo huipitisha kwenye vishimo vilivyotobolewa kwenye mifupa miwili na kuifunga humo.

Baba wa Morogoro hakukosea aliposema panakatwa pazima. Aliyechukuliwa tendoni ya chini ya pia ya goti anaweza kusumbuliwa na maumivu anapopiga magoti, na kwa mtu anayesujudu mara tano kwa siku, au fundi wa vigae, hilo si jambo dogo. Aliyechukuliwa za nyuma ya paja hupoteza sehemu ya nguvu ya kukunja goti. Lakini kuna habari njema ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: tendoni ya nyuma ya paja iliyochukuliwa mara nyingi huota tena, ingawa haiwi sawasawa na ile ya mwanzo. Katika nchi nyingine hutumika pia tendoni za marehemu waliojitolea viungo vyao. Hizo humwepushia mgonjwa kidonda cha pili, lakini kwa vijana wanaorudi kwenye michezo hukatika zaidi kuliko tendoni zao wenyewe.

Watafiti nao wana manung'uniko kama ya baba huyu. Kama mwili unahitaji kamba ya sentimita tatu, kwa nini isitengenezwe nje ikaletwa tayari?

Kamba za kiwandani

Jaribio la kwanza halikuwa na uhai ndani yake. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwawekea wagonjwa kamba za nyuzi za kaboni, za Dacron, na za Gore-Tex, ile ile inayotengenezewa makoti ya mvua. Mwaka 1986 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliikubali kamba ya Gore-Tex kwa goti. Kwenye mashine za kupimia nguvu zilikuwa imara kuliko ligamenti ya mtu. Ndani ya goti mambo yalikuwa mengine. Zilisuguana na mfupa kila hatua, zikachakaa, vumbi la nyuzi zake likalifanya goti livimbe na kujaa maji, na nyingi zikakatika. Miaka michache baadaye ile ya Gore-Tex ikaondolewa sokoni.

Kamba isiyo na uhai huanza kuchakaa siku inapowekwa. Ligamenti hai ina seli ndani yake ambazo hutengeneza nyuzi mpya kila zile za zamani zinapolegea, bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo anayetaka mbadala wa kudumu lazima apate kamba yenye seli hai. Hapo ndipo ulipoingia uhandisi wa tishu.

Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, Gregory Altman na David Kaplan walianza na uzi wa hariri, huu unaotoka kwa kiwavi wa nondo. Hariri ina nguvu na huyeyuka mwilini taratibu, pengine zaidi ya mwaka, kwa hiyo inaweza kubeba mzigo wakati seli zinajenga nyuzi zao. Ina gundi ya asili inayoufanya mwili uikatae, hivyo kwanza waliiosha gundi hiyo. Kisha wakazisokota nyuzi kama msusi wa kamba anavyofanya, nyembamba zikafanya nene na nene zikafanya kamba, wakapata kiunzi chenye nguvu inayokaribia ya ACL. Juu ya kiunzi wakapanda seli shina kutoka kwenye uboho wa mifupa. Kazi hiyo waliichapisha mwaka 2002.

Mwaka huo huo kundi lao lilionyesha jambo jingine ambalo kwangu ndilo la kuvutia zaidi. Waliziweka seli shina ndani ya mashine iliyokuwa ikizivuta na kuzipinda kidogo kidogo, kama goti linavyofanya mtu anapotembea. Seli hizo, bila kuongezewa kemikali maalumu ya kuzielekeza, zikaanza kujipanga kwenye mstari wa mvuto na kutengeneza kolajeni ya aina inayopatikana kwenye ligamenti. Zilizoachwa zimetulia hazikufanya hivyo. Yaani kuvutwa tu kulitosha kuzielekeza. Mzazi anayemwonea huruma mtoto anapolia kwenye mazoezi tiba akumbuke habari hii, kwa sababu ligamenti mpya ndani ya goti nayo hujipanga kwa kufuata mvuto inaoupata.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Lisa Larkin na Ellen Arruda walikwenda njia nyingine, hawakutaka kiunzi cha kigeni kabisa. Walichukua seli za uboho, wakaziotesha kwenye sahani za maabara mpaka zikafanya utando, na utando huo ukajikunja wenyewe ukawa kama kijiti. Kila ncha wakaiunganisha na kipande cha mfupa kilichooteshwa kwa seli hizo hizo. Kikiwa kichanga hivyo hakina nguvu ya kubeba mtu, lakini walipokiweka kwenye magoti ya kondoo, baada ya miezi kadhaa kilikuwa kimenenepa, kimepata mishipa ya damu na kimeanza kufanana na ligamenti ya kawaida.

Hivi vipande vya mfupa kwenye ncha ndivyo vinavyoeleza kwa nini kazi imekuwa ngumu. Kutengeneza kamba yenye seli kunawezekana. Kuifunga kwenye mfupa ndiyo shughuli. Ligamenti ya asili haikugandishwa kwenye mfupa kama kitu kilichopigwa gundi. Inabadilika taratibu, kutoka nyuzi laini, kuwa gegedu, kisha gegedu lenye madini, halafu ndiyo mfupa, na yote hayo ndani ya nafasi isiyofika hata milimita moja. Mpito huo ndio unaozuia kamba laini isinyofoke kwenye kitu kigumu. Hakuna maabara iliyoweza kuutengeneza ukamilifu wake.

Linganisha na gegedu lenyewe, lile linalofunika ncha za mifupa. Desemba 2016 FDA iliidhinisha matibabu ambayo seli za gegedu za mgonjwa huchukuliwa, huoteshwa maabara juu ya utando, kisha hurudishwa kuziba shimo kwenye goti. Gegedu limewezekana kwa sababu kiraka kinakaa kwenye shimo na kuzungukwa na gegedu zima. Ligamenti inaning'inia peke yake kati ya mifupa miwili na inavutwa tangu siku ya kwanza. Nigusie hapa, kwa kuwa najua nitaulizwa: utando wa matibabu hayo ya gegedu hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Mgonjwa ambaye jambo hilo linamhusu ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini fomu.

Daraja badala ya kamba

Hatua iliyofika mbali zaidi kwa binadamu haikutoka kwa waliootesha kamba maabara. Imetoka kwa Martha Murray wa Hospitali ya Watoto ya Boston. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford alipokutana na mwenzake anayetembelea magongo baada ya kukatika ACL. Alipoambiwa kuwa ligamenti ile itatolewa na kuwekwa nyingine, akauliza kwa nini wasiiunge ile ile. Aliacha uhandisi akasomea udaktari, na swali hilo akaendelea nalo kwa zaidi ya miaka 20.

Murray alilirudia lile tatizo la donge la damu linaloyeyushwa. Alitengeneza kitu kama sponji, cha kolajeni ya ng'ombe, ambacho hunyonya damu ya mgonjwa na kuishikilia isisombwe na ute wa goti. Daktari hukiweka kati ya ncha mbili za ligamenti, hukiloweka kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, na kwa nyuzi za kushonea huivuta ncha ya chini iingie ndani yake. Seli hupita humo na kujenga. Baada ya wiki kama nane sponji imekwisha kuyeyuka, na kilichobaki ni tishu ya mgonjwa. Hakuna kilichooteshwa nje, na goti lenyewe ndilo limekuwa maabara.

Wagonjwa 10 wa kwanza walifanyiwa mwaka 2015. Ukafuata utafiti wa watu 100, 65 wakiwekewa sponji na 35 upasuaji wa kawaida wa tendoni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa baada ya miaka miwili magoti ya makundi yote mawili yalikuwa imara kwa kiwango kinachofanana, na waliowekewa sponji walikuwa na nguvu zaidi kwenye misuli ya nyuma ya paja, jambo linaloeleweka maana haikuguswa. Desemba 2020 FDA ikaruhusu matumizi yake.

Sasa video za kwenye simu huishia hapo. Katika utafiti huo huo, asilimia 14 ya waliowekewa sponji walihitaji upasuaji tena kwenye ligamenti hiyo, dhidi ya asilimia 6 ya wale wa tendoni. Kwa idadi ya watu waliohusika, watafiti walisema tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba njia moja ni mbaya kuliko nyingine. Ni kweli, ila mimi kama mzazi ningeikumbuka. Tena ruhusa hiyo ya mwaka 2020 ilikuwa na masharti: mgonjwa awe na umri wa miaka 14 au zaidi na mifupa iwe imekomaa, kipande cha ligamenti kiwe bado kimeshika ugoko, na upasuaji ufanyike ndani ya siku 50 tangu kuumia. Kwa mgonjwa wa kwetu anayeanza kwa kukandwa, kisha kutafuta nauli, kisha foleni ya MRI, siku 50 huisha haraka.

Turudi Morogoro

Kijana wa Morogoro ana goti linalocheza, na kila likichomoka linaweza kuchana zile gegedu mbili za katikati zinazopokea mshindo. Hizo zikiharibika, njia ya kuelekea ugonjwa wa baridi ya goti akiwa bado kijana inafunguka. Kumwambia asubiri ligamenti ya maabara ni kumwambia aendelee kutembelea goti hilo kwa miaka isiyojulikana. Ndiyo maana nilimjibu vile.

Hata hivyo kusema asisubiri maabara si kusema akimbilie kisu. Nchini Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121 wenye umri kati ya miaka 18 na 35 waliokatika ACL. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema, jingine likaanza na mazoezi tiba na kupasuliwa baadaye kama goti likigoma. Baada ya miaka miwili hali zao zilifanana, na kati ya 59 walioanza na mazoezi, 36 hawakuhitaji upasuaji wa ligamenti. Hawa walikuwa watu wazima wenye msimamizi mzuri wa mazoezi, si watoto, na si wachezaji wa kulipwa. Lakini mtu wa dukani au dereva ambaye goti lake halichomoki anaweza kuuliza habari hii bila aibu mbele ya daktari wake.

Kuna biashara nyingine ambayo sharti niitaje. Kuna watu wanaotangaza sindano za seli shina za goti kwa bei ya kuuza kiwanja, wakionyesha picha za tafiti kama hizi za Tufts na Michigan. Sindano si tafiti hizo. Mlolongo mzima niliousimulia, wa kusokota hariri, kuzivuta seli na kuota mifupa kwenye ncha, ni kwa sababu seli zikimwagwa tu ndani ya goti hazijui pa kushika. FDA imekwisha kuonya kwamba bidhaa hizo za seli shina hazijaidhinishwa kutibu maradhi ya viungo, misuli wala mifupa.

Ambacho wazazi wengi wanakikosea ni fedha. Hukusanya akiba yote, huuza hata shamba, yote ikaenda kwenye upasuaji, ikifika zamu ya mazoezi tiba mfuko mtupu. Tendoni iliyowekwa haiwi ligamenti siku ile. Seli zake za awali hufa, mishipa mipya ya damu huingia, na katika miezi hiyo ya mwanzo huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, hata kama mgonjwa hasikii maumivu na anaona anaweza kukimbia. Watafiti wa Norway na Marekani waligundua kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Na kwa wachezaji walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, karibu mmoja kati ya wanne huumia ACL tena, la goti lile lile au la upande wa pili. Kocha akipiga simu mwezi wa tano kuuliza kijana yuko tayari, simu hiyo aipokee mzazi.

Kwa atakayeumia kesho: asikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa siku za mwanzo. Awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, mguu uinuliwe, na aonwe na daktari mapema, hasa kama alisikia mlio na goti likavimba ndani ya saa chache.

Baba wa Morogoro nilimwomba arudi kwa daktari wake na maswali haya. Ni tendoni ipi itachukuliwa, na kwa nini hiyo? Zile gegedu za katikati ziko salama, na kama zimechanika zitashonwa siku hiyo hiyo? Maeneo ya kukua kwenye mifupa yake yamefunga, kwa sababu kutoboa mfupa unaoendelea kukua kunahitaji mbinu tofauti? Nani atasimamia mazoezi, mara ngapi kwa wiki, kwa gharama gani? Na atamruhusu kurudi mpirani kwa kuangalia kalenda peke yake, au atampima nguvu za mguu kwanza? Kisha amtajie daktari tarehe za mitihani ya kidato cha sita, maana wiki za mwanzo kijana atakuwa kwenye magongo, na bweni lake liko ghorofa ya pili.